Maswali Yenu: Alabama, mbunge Shomari na ule udongo mweusi

Toleo lililopita niliigusia Alabama, lile jimbo la kusini mwa Marekani, kwa mistari miwili tu, ile habari ya ndugu yangu anayefanya kazi kiwanda cha viti vya magari pale Montgomery, na maswali yakamiminika kuliko mwezi wowote tangu nishike ukurasa huu. Nimeyasoma yote, yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale ya "nitumie namba ya wakala wa ajira" naomba mnisamehe, sina wakala. Niseme mapema kwamba mwaka juzi nilikaa kwa huyo ndugu yangu wiki 3 na kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo sio magari wala barabara, ni udongo. Mtaona wenyewe, karibu kila swali mliloleta linarudi palepale.

Kaka nitoe ushamba. Nimeona kwenye taarifa mbunge wa Alabama anaitwa Shomari. Huyu ni mtu wa kwetu aliyepata uraia au? (Msomaji, Bagamoyo)

Hapana ndugu yangu, huyo ni wa Alabama kindakindaki. Anaitwa Shomari Figures, amekulia Mobile, mji wa bandari kule kusini kabisa, na Novemba 2024 ndo alichaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi kule Washington. Ila hujakosea kushtuka, jina ni la kwetu kabisa, simama Kariakoo uite Shomari watageuka watu watatu. Miaka ya 60 na 70 Wamarekani weusi wengi walianza kuwapa watoto wao majina ya Kiafrika na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha walizozikimbilia, ndo kipindi hichohicho ilianzishwa sikukuu ya Kwanzaa, 1966, yenye maneno kama umoja, kuumba na imani. Desturi haikufa, huyu Shomari kazaliwa 1985.

Na familia yake ina habari ambayo siwezi kuiruka. Baba yake, Michael Figures, alikuwa seneta wa jimbo na wakili, na ni mmoja wa mawakili waliosimama na mama mmoja wa Mobile anaitwa Beulah Mae Donald. Mwanae, Michael Donald, kijana wa miaka 19, mwaka 1981 alikamatwa njiani na watu wa Ku Klux Klan, chama cha wazungu wabaguzi, wakamuua wakamning'iniza kwenye mti. Mama yule hakuishia kwa wauaji, alikishtaki chama chenyewe, na mwaka 1987 mahakama ikaamua alipwe dola milioni 7. Hawakuwa nazo. Kwahiyo jengo la makao yao makuu likaandikwa jina la yule mama, mama mweusi akawa mwenye nyumba ya Klan.

Sasa hicho kiti cha Shomari kimepatikanaje. Alabama ina viti 7 kwenye lile Baraza, na watu weusi ni zaidi ya robo ya wakazi wote, lakini tangu 1992 ramani ilikuwa inachorwa kwa namna ambayo ni wilaya 1 tu ya uchaguzi ambako wao ndo wengi. Watu wakaenda mahakamani na tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, ramani hiyo inavunja sheria ya haki ya kupiga kura. Ramani mpya ikachorwa, Shomari akashinda, na ikawa mara ya kwanza Alabama kuwa na wabunge wawili weusi kwa wakati mmoja, mwenzake ni Terri Sewell wa Selma. Ukiiweka hiyo ramani mezani utaona wilaya zote mbili zimeshikilia mkanda mmoja wa ardhi unaokatiza katikati ya jimbo. Hapo ndo tunafika kwenye swali linalofuata.

Huo mkanda wanaouita Mkanda Mweusi ni kwa sababu ya rangi ya watu? Naona kama tusi. (Mwanafunzi, Dodoma)

Sio tusi, na haukuanza na watu. Ulianza na udongo. Booker T. Washington, yule mwalimu mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, alishawahi kuulizwa swali lako na mwaka 1901 akaeleza kwamba jina lilikuwa la rangi ya ardhi kwanza, alafu kwa kuwa ardhi hiyo ndiyo watumwa walipelekwa kwa wingi kwa sababu ililipa, baadae jina likageuka kuwa la kisiasa, yaani kaunti ambazo weusi ni wengi kuliko weupe.

Rudi nyuma sana, miaka milioni 80 hivi. Nusu ya chini ya Alabama ilikuwa chini ya maji, bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Viumbe vidogovidogo vyenye magamba ya chokaa vikawa vinakufa vinazama, vinakufa vinazama, miaka mamilioni, mpaka vikawa mwamba laini mweupe, chaki kabisa kama ya ubaoni. Bahari ikarudi nyuma, chaki ikabaki, majani marefu yakaota juu yake yakawa yanaoza mwaka hadi mwaka na hapo ndo ukapatikana udongo mweusi, mzito, wenye rutuba. Ni mkanda wa upana wa kilomita 40 au 50 hivi unaopita katikati ya jimbo kuelekea magharibi mpaka unaingia Mississippi. Kwa wenzangu wa Shinyanga na wa kule Athi River, ni ndugu wa ule udongo wetu wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, masika unavimba na kunata.

Siku moja tukitoka Selma ndugu yangu alisimamisha gari kwenye daraja dogo la kijito akaniambia shuka uone. Ukingo ulikuwa mweupe kama ukuta uliopigwa chokaa jana, juu yake nyasi, na kwenye ule weupe nikachomoa kombe la chaza, limepinda kama sikio, ukubwa wa kiganja cha mtoto, zito kuliko unavyotegemea maana limeshakuwa jiwe. Pale tulipo mpaka bahari ni karibu kilomita 200. Nililisafisha kwa mate na shati, nikaliangalia muda mrefu kweli, alafu nikalirudisha palepale.

Pamba inaupenda udongo huo. Na pamba ya wakati ule ilitaka mikono mingi, kupanda, kupalilia, kuchuma, kuchambua, kwahiyo penye udongo mweusi wakaletwa watu weusi kwa minyororo. Sensa ya 1860 iliwakuta Alabama watu 964,201 na kati yao 435,080 walikuwa watumwa. Kwenye kaunti ya Dallas, ndo ya Selma hiyo, watumwa walikuwa robo tatu ya watu wote. Toka hapo huhitaji kuambiwa sana, chukua ramani ya chaki, ramani ya pamba ya 1860, ramani ya watu weusi leo na ramani ya kura za juzi, zipange moja juu ya nyingine. Mkanda ni uleule.

Nafundisha jiografia sekondari, naomba ile ya haraka haraka tu, mipaka, mito, milima. (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Kaskazini Tennessee, mashariki Georgia, kusini Florida na kipande kifupi cha Ghuba ya Meksiko, magharibi Mississippi. Eneo ni kilomita za mraba kama 135,000, watu kwa sensa ya 2020 ni 5,024,279, kaunti 67. Liliingia kwenye Muungano tarehe 14 Desemba 1819, la 22. Milima ni ncha ya chini ya Appalachia, mrefu kuliko yote ni Cheaha, mita 735, wanafunzi wako wa Usambara watacheka.

Mito ndo ya kushika. Coosa na Tallapoosa inakutana karibu na Montgomery unazaliwa mto Alabama, huo unakuja kukutana na Tombigbee wanaunda mto Mobile, unamwagika kwenye ghuba ya Mobile. Pamba nyingi ilishuka huko kwa meli za mvuke. Mto Tennessee unaingia kaskazini, unajipinda, unarudi ulikotoka, hauna habari na wenzake. Mji mkuu ni Montgomery tangu 1846. Mji wa kaskazini, Huntsville, ndo Wernher von Braun na wenzake walipoundia ile roketi ya Saturn V iliyopeleka watu mwezini, na kwa sasa ndo wenye watu wengi kuliko miji yote ya jimbo.

Kabla ya wazungu na hao watumwa, wenyewe walikuwa nani na wameenda wapi? (Mama wa watoto wawili, Kahama)

Swali zuri mama, na watu wengi hawaulizi. Walikuwepo Wamuscogee, ambao Waingereza waliwaita Creek, Wachoctaw, Wachickasaw na Wacherokee. Jina Alabama lenyewe ni la kabila, Waalibamu, na Tuscaloosa kwa Kichoctaw ni shujaa mweusi. Karibu na Tuscaloosa kuna mahali panaitwa Moundville, vilima vya udongo 29 vilivyojengwa kwa mikono na vikapu, ulikuwa mji mkubwa kuanzia miaka ya 1000 mpaka 1400 na kitu. Mhispania Hernando de Soto alipita 1540 akapigana na chifu Tascalusa pale Mabila, watu wakafa kwa maelfu. Wafaransa wakaja kujenga Mobile, 1702, Waingereza wakapokea, Wahispania wakapokea, mwisho Marekani.

Lakini kilichowaondoa hasa ni pamba. Tarehe 27 Machi 1814 jenerali Andrew Jackson aliwazingira wapiganaji wa Muscogee walioitwa Fimbo Nyekundu kwenye kona ya mto Tallapoosa, panaitwa Horseshoe Bend, mto umejipinda kama kwato la farasi na wao wako ndani yake. Waliuawa zaidi ya 800. Na Wamuscogee wengine, na Wacherokee pia, walikuwa upande wa Jackson siku ile. Agosti ya mwaka huohuo wakaitwa kutia saini mkataba, zikachukuliwa ekari milioni 23, na sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya walewale waliomsaidia. Nilipofika pale mtoni, maji yametulia, kijani, hamna mtu, nilishindwa hata kupiga picha.

Waliobaki wakasukumwa na sheria ya 1830, na 1836 maelfu ya Wamuscogee wakatembezwa mpaka Oklahoma, wengine wamefungwa minyororo, wazee na watoto wakifa njiani. Kundi dogo liligoma kuondoka, liko mpaka leo karibu na mji wa Atmore na serikali ililitambua rasmi 1984. Waliobaki wengine ni majina tu, Coosa, Talladega, Tuskegee.

Je kuna watumwa wa Zanzibar au Kilwa waliofikishwa Alabama? (Msomaji, Muscat)

Watu wa upande wetu walipelekwa zaidi Arabuni, visiwa vya Bahari ya Hindi na Brazili. Waliofika kusini ya Marekani wengi mno ni wa Afrika Magharibi na kule Kongo na Angola. Lakini kwa kuwa umeuliza ngoja nikupe habari ya Mobile.

Kuingiza watumwa kutoka nje Marekani ilipiga marufuku 1808. Ilipofika 1860 tajiri mmoja wa Mobile, Timothy Meaher, aliweka dau kwamba anaweza kuwaleta na asikamatwe. Akatuma jahazi la milingoti miwili, Clotilda, nahodha William Foster, likaenda Ouidah kwenye ufalme wa Dahomey na Julai likarudi usiku na watu kama 110. Wakafichwa kwenye matete ya mto, jahazi likachomwa moto ili kuua ushahidi. Hakuna aliyefungwa. Miaka 5 tu baadae vita ikaisha, utumwa ukafutwa, wale watu wakataka kurudi kwao, nauli hawana. Wakamwomba Meaher awape ardhi, akakataa. Basi wakafanya vibarua viwanda vya mbao, wakaweka senti kwa senti, wakanunua viwanja, wengine kwa huyohuyo Meaher, wakajenga kijiji chao wakakiita Africatown. Kipo. Mmoja wao, Oluale Kossola, ambaye huko alijulikana kama Cudjo Lewis, aliishi mpaka 1935, na mwanamke aliyeletwa akiwa kabinti kadogo, Matilda McCrear, alifariki Selma 1940. Yaani kuna watu wako hai leo walioweza kumsalimia. Mabaki ya jahazi yalithibitishwa Mei 2019 chini ya tope la mto, na tope ndo lililoyahifadhi.

Babu yangu alisema pamba ya Wajerumani ilitoka kwa weusi wa Marekani. Ni kweli au ni stori za wazee? (Msomaji, Kipatimu)

Shikamoo ya babu yako, hakuwa mbali na ukweli. Mwaka 1881 kwenye huo mkanda wa udongo mweusi, Booker T. Washington alianzisha chuo cha Tuskegee, wanafunzi wakafyatua matofali wenyewe wakajenga madarasa wenyewe. Sifa zikafika Berlin. Wajerumani walikuwa wamechoka kutegemea pamba ya Marekani kwa viwanda vyao, wana makoloni, wakaona kwanini tusiilime huko. Kamati yao ya uchumi wa makoloni ikamwandikia Washington na mwishoni mwa 1900 watu 4 wa Tuskegee, wakiongozwa na mwalimu James Calloway, wakafika Togo na majembe ya kukokotwa, mbegu na mashine ya kuchambulia. Wanyama wa kukokota wakafa kwa maradhi, watu wakakokota wenyewe.

Hao wa Tuskegee walienda Togo. Ila kamati ileile ndo iliyokuwa inaisukuma pamba Tanganyika pia, na kuanzia 1902 gavana Götzen akaleta yale mashamba ya jumbe, kila kijiji kitoe watu walime pamba ya serikali, viboko kwa asiyefika, malipo hata chumvi hayanunui. Yaliyofuata nyie wa Umatumbi ndo wa kutufundisha sisi. Julai 1905 wazee wa Nandete waling'oa mashina ya pamba shambani, na Maji Maji ikaanza. Hakuna aliyefukuza mzungu kwanza wala kuchoma boma kwanza, kilichong'olewa kwanza ni mmea. Mimi hilo nililijua toka shule, lakini nililielewa nimesimama kando ya barabara Alabama naangalia shamba la pamba limepasua, jeupe mpaka upeo wa macho.

Tuskegee ilitufikia na kwa njia ya upole pia. Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki 1924 ikishauri elimu ya ufundi na kilimo kama ya Tuskegee, na 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete. Wazee wengi Kenya walisema wakati ule kwamba wanataka elimu ya vitabu kama ya wazungu, sio ya majembe tu, na mimi niko upande wa wale wazee.

Ni kweli wamejenga sanamu ya mdudu? (Kijana, Bariadi)

Kweli kabisa, mji wa Enterprise. Fukusi wa pamba aliingia Alabama 1910, anataga ndani ya kitumba, pamba inaoza kabla haijapasua. Wakulima wakahamia karanga, wakapata pesa kuliko walivyowahi kupata, na tarehe 11 Desemba 1919 wakazindua mnara wa kumshukuru. Ni mwanamke ameinua mikono, ila fukusi mwenyewe mikononi aliongezwa miaka 30 baadae. Wewe wa Bariadi unajua pamba inavyoweza kumsaliti mtu, utawaelewa.

Tumesoma Selma na Martin Luther King, lakini kwanini Selma na sio mji mkubwa? Na je sisi huku tulihusika vipi? (Mzee mstaafu, Nakuru)

Shikamoo mzee wangu. Miji mikubwa ilihusika. Montgomery ndo Rosa Parks alikataa kuinuka kwenye kiti cha basi tarehe 1 Desemba 1955, na miezi 9 kabla yake binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa ameshakataa, na watu wakayasusia mabasi, wakatembea kwa miguu siku 381. Birmingham, mji wa chuma na makaa ya mawe, ndo walikowafungulia watoto mbwa na mabomba ya zimamoto Mei 1963, na Septemba 15 bomu likaua mabinti wanne kanisani asubuhi ya Jumapili, Addie Mae, Cynthia, Carole na Denise.

Lakini kura ilikuwa jambo la Mkanda Mweusi. Fikiria mzee, huko weusi ndo wengi, wakipiga kura wanachukua kila kiti, hakimu, mkuu wa polisi, mkusanya kodi. Ndo maana mwaka 1901 iliandikwa katiba maalumu ya kuwazuia, kodi ya kura, mtihani wa kusoma, ushahidi wa mali. Weusi zaidi ya 180,000 walikuwa na sifa ya kupiga kura, miaka miwili baadae walioandikishwa hawakufika 3,000. Kaunti ya Lowndes, iliyo katikati ya Selma na Montgomery, ilianza mwaka 1965 watu wanne kati ya watano ni weusi na hakuna hata mmoja kwenye daftari la wapiga kura. Sio wachache. Hakuna.

Sasa kuhusika kwetu. John Lewis alizaliwa 1940 kwa wakulima karibu na mji wa Troy, Alabama. Oktoba 1964, akiwa kiongozi wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za weusi, alikuja Nairobi, na pale hoteli ya New Stanley bila kupanga akakutana na Malcolm X. Wakakaa wakaongea sana, Malcolm akiwaambia vita yao isiishie Marekani, waiunganishe na ya Waafrika. Tarehe 4 Februari 1965 Malcolm akaenda Selma kuhutubia, siku 17 baadae akauawa. Na tarehe 7 Machi Lewis yuko mbele ya msafara wa kudai kura, wa kutoka Selma kwenda Montgomery, juu ya daraja la Edmund Pettus, mikono kwenye mifuko ya koti, polisi wakampasua fuvu kwa rungu. Lile daraja lina mgongo katikati, ukianza kupanda upande wa mji huoni kilichoko ng'ambo, mpaka ufike juu kabisa. Nimelipanda kwa miguu. Pale juu magoti yalinilegea, na mimi sikusubiriwa na mtu. Julai 2020 jeneza lake lilivushwa hapohapo kwa gari la farasi, chini yamemwagwa maua mekundu pale damu yake ilipomwagika.

Msafara wa tatu ndo ulifika Montgomery, kilomita 87, siku 5, kwenye mvua na matope ya Lowndes, na Agosti 6 sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa. Watu wa Lowndes wakaanzisha chama chao. Kwa kuwa wengi hawakusoma, karatasi za kura Alabama zilikuwa na alama, na Chama cha Democratic cha kule kilikuwa na jogoo mweupe na maneno ya ubora wa wazungu, hao wakachagua chui mweusi. Vijana wa Oakland, California, wakaiazima alama hiyo Oktoba 1966, ndo Black Panther mnayoijua. Na mmoja wa viongozi wa chama hicho, Pete O'Neal wa Kansas City, alikimbilia Tanzania 1972 akajenga kituo cha watoto na vijana kijijini Imbaseni, nje kidogo ya Arusha. Yule chui wa Lowndes alitembea mpaka Meru, mzee.

Nimepata grini kadi, Alabama kunafaa kuishi? (Msomaji, Mbagala)

Kazi zipo, Mercedes iko Vance karibu na Tuscaloosa tangu 1997, Hyundai iko Montgomery tangu 2005, na viwanda vidogo vinavyowahudumia kama cha ndugu yangu. Bila gari huendi popote. Joto la Julai ni la Dar kabisa. Jifunze king'ora cha kimbunga kabla ya kujifunza njia ya dukani, tarehe 27 Aprili 2011 vimbunga viliua zaidi ya watu 230 kwenye jimbo hilo kwa siku moja.

Na huo udongo leo unatumika nini kama pamba imepungua? (Fundi ujenzi, Kitengela)

Fundi, wewe ndo nilikuwa nakusubiri. Ng'ombe, na mabwawa ya kambale. Udongo ule ukichimba shimo maji hayaendi popote, kwahiyo magharibi ya mkanda huo, kaunti ya Hale na jirani zake, wanafuga kambale kwa wingi, Alabama ni ya pili Marekani kwa kambale nyuma ya Mississippi.

Lakini kinachoshika maji ya bwawa kinashika na ya chooni. Shimo la kawaida la majitaka pale halinyonyi, mvua ikinyesha linarudisha, sinki, bafu, kila kitu. Mfumo unaofaa udongo huo unagharimu maelfu mengi ya dola na kaya nyingi za Lowndes hazina, kwahiyo wengine bomba linatoka nyumbani moja kwa moja mpaka nyuma ya uwanja. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kwamba waliwapima watu 55 wa huko na 19 wakakutwa na dalili za minyoo ya safura, Marekani hiyohiyo. Catherine Coleman Flowers, mwenyeji wa Lowndes, amelipigania hilo miaka mingi, na 2023 serikali kuu ikakubaliana na idara ya afya ya jimbo kwamba lirekebishwe. Aprili 2025 serikali mpya ikayafuta makubaliano hayo.

Mama mmoja alitupitisha uani kwake, nyumba ni ya magurudumu, safi ndani, picha za wajukuu ukutani. Nyuma bomba jeupe la plastiki limetokeza kama mita 10 toka ukutani, mbele yake dimbwi, nyasi zimeota ndefu za kijani kuliko zote pale uani. Akatuambia tupite kwenye mbao alizotandika. Mimi nikakosea hatua moja tu, kiatu kikabaki udongoni, mguu ukatoka na soksi. Alikuja akakivuta kwa mikono miwili, akanikabidhi, akasema marehemu mama yake alichuma pamba kwenye udongo huuhuu.